Kikosi, majeruhi, kusitisha mapigano: istilahi za kijeshi zinamaanisha nini hasa?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nafuatilia habari za vita kila siku, lakini maneno yananichanganya. Taarifa moja inasema kikosi kimeingia mjini, nyingine inasema batalioni, ya tatu inasema brigedi, na zote zinaeleza tukio lilelile. Leo nasikia mji umetekwa, kesho umedhibitiwa, keshokutwa unasafishwa. Wanatajwa majeruhi, halafu nagundua kwamba kumbe baadhi yao walikufa. Na juzi pande mbili zilisitisha mapigano, lakini mchambuzi akasema kisheria vita haijaisha. Je, maneno haya yana maana maalumu, au kila mwandishi huchagua linalompendeza? Na mimi ambaye sijawahi kuvaa sare nitayaelewaje?"

Ndugu msomaji, maneno hayo yana maana maalumu, na kosa la kuchanganyikiwa si lako. Istilahi ya kijeshi huzaliwa ndani ya amri, yaani pale mtu mmoja anapomwambia mwingine afanye nini, wapi, lini na mpaka kiasi gani. Kisha huchukuliwa na wasemaji wa majeshi, mashirika ya habari na sisi watafsiri, na inapokufikia wewe huwa imekwisha kupoteza kipimo chake njiani. Kwa hiyo njia ninayokushauri ni moja tu: lirudishe kila neno kwenye amri lilikotoka, ujiulize kwamba kama lingekuwa amri, aliyepewa angepaswa kufanya nini, na angejuaje kwamba amemaliza. Nitayapitia maneno uliyoyataja, na mengine machache yanayosumbua vilevile.

Kwanza uone kwa nini majeshi yanang'ang'ania maana moja kwa neno moja. Tarehe 25 Oktoba 1854, karibu na bandari ya Balaclava katika vita vya Crimea, kamanda mkuu wa Waingereza, Lord Raglan, alikuwa juu ya mlima akiliona bonde zima. Aliona kwamba Warusi wanajiandaa kuondoa mizinga waliyoiteka asubuhi ile kutoka kwenye ngome ndogo zilizokuwa zikilindwa na askari wa Kituruki, akatuma amri ya maandishi kwamba askari wa farasi wasonge mbele haraka na kumzuia adui asiiondoe mizinga. Karatasi haikusema mizinga ipi. Lord Lucan, kamanda wa askari wa farasi aliyeipokea, alikuwa chini, na kutoka pale aliposimama hakuiona mizinga ile ya vilimani. Aliyoweza kuiona ilikuwa ya Warusi wenyewe, mwisho wa bonde, midomo ikiwa imemwelekea. Alipouliza, Kapteni Nolan aliyeleta amri alinyoosha mkono kuelekea bondeni. Wapanda farasi wapatao 670 walikwenda moja kwa moja kwenye moto, zaidi ya 100 wakauawa, na Nolan alikuwa miongoni mwa waliokufa kwanza. Neno "mizinga" lilikuwa na maana kamili kichwani mwa aliyeandika na maana nyingine, nayo kamili, machoni mwa aliyesoma.

Mazoea ya leo yamejengwa juu ya mikasa ya namna hiyo. Katika mawasiliano ya redio ya majeshi ya Marekani, Uingereza na washirika wao, askari ambaye hakusikia vizuri hamwambii mwenzake "rudia". Husema "sema tena". Sababu ni kwamba kwa wapiga mizinga "rudia" ni amri kamili: fyatua tena, kwenye shabaha ileile, kwa idadi ileile ya makombora. Mtu anayeomba tu kusomewa upya namba asiyoisikia anaweza kuangusha moto mahali ambapo wenzake wameshaingia. Hata majina ya herufi yanayotumika redioni, Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea, ambayo yalikamilishwa mwaka 1956, yaliandikwa kwa uangalifu huo: Alfa huandikwa kwa f ili kila msemaji alitamke sawa, na Juliett kwa t mbili ili msemaji wa Kifaransa asiimeze herufi ya mwisho.

Sasa tuje kwenye kikosi. Katika Kiswahili hili ni neno la jumla, kama vile "chombo" kwa vitu vya majini. Linaweza kuwa watu kumi au watu elfu kumi. Mwandishi anayelitumia hajakosea, ila hajakuambia kiasi. Majina mengine ndiyo yenye kipimo. Seksheni ni askari 8 hadi 12 hivi, chini ya koplo au sajenti, na ukubwa huo unatokana na idadi ya watu ambao mtu mmoja anaweza kuwaongoza kwa sauti na ishara za mikono wakati risasi zinalia. Seksheni tatu au nne hufanya platuni, watu 30 hadi 40 chini ya luteni. Platuni kadhaa hufanya kombania, watu 100 hadi 200, na kombania kadhaa hufanya batalioni, ambayo kwa kawaida ina watu 400 hadi 1,000 chini ya luteni kanali. Batalioni ndiyo ngazi ya kwanza yenye wanadhimu wake, yaani maofisa wanaomsaidia kamanda kupanga taarifa, operesheni na ugavi. Juu yake ni brigedi, watu 3,000 hadi 5,000, kisha divisheni, watu 10,000 hadi 20,000.

Ngazi ninayokuomba uikumbuke zaidi ni brigedi. Katika majeshi mengi ya sasa, hiyo ndiyo inayobeba ndani yake askari wa miguu au vifaru, mizinga, wahandisi, waganga, mawasiliano na ugavi wa kutosha kupigana kwa siku kadhaa bila kuegemea mtu. Kwa hiyo ukisoma kwamba kombania imepelekwa mpakani, hiyo inaweza kuwa doria au ishara. Ukisoma kwamba brigedi tatu zimehamia huko pamoja na hospitali zao na matangi ya mafuta, kuna mtu anayeandaa jambo. Mwandishi anayeviita vyote viwili "kikosi" amekunyima habari yenyewe.

Hata hivyo jina peke yake halitoshi, kwa sababu kila jeshi lina vipimo vyake. Batalioni ya vifaru katika jeshi la Kisovieti kwa kawaida ilikuwa na vifaru 31: kombania tatu za vifaru kumi kumi na kimoja cha kamanda. Batalioni ya Marekani ya miaka ya 1980 ilikuwa na vifaru 58. Mtu aliyelinganisha batalioni kwa batalioni alikuwa akilinganisha kikapu na gunia. Rejimenti ina utata zaidi: kwa Warusi ni ngazi halisi kati ya batalioni na divisheni, lakini kwa askari wa miguu wa Uingereza ni kama ukoo wenye historia, bendera na mila zake, ambao batalioni zake zinaweza kuwa katika nchi tofauti bila kupigana pamoja hata siku moja. Tena idadi zote hizi ni za karatasini. Batalioni iliyokaa mstari wa mbele kwa miezi inaweza kubaki na nusu ya watu wake, na bado itaitwa batalioni.

Kwa kuwa tumegusa vyeo, niseme jambo moja ambalo huulizwa mara nyingi. Luteni yuko chini ya meja, lakini luteni jenerali yuko juu ya meja jenerali. Watu hudhani ni kosa la uchapaji. Zamani, katika majeshi ya Ulaya ya karne ya 17, luteni jenerali alikuwa msaidizi wa jenerali mkuu, na wa tatu aliitwa sajenti meja jenerali. Baadaye neno "sajenti" likaachwa, likabaki "meja jenerali", na ndiyo maana ngazi zinaonekana zimepinduka. Na ukisoma habari za wanamaji, kumbuka kwamba kapteni wa jeshi la majini analingana na kanali wa nchi kavu, wala si kapteni anayeongoza kombania.

Nakuja kwenye vitenzi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wasomaji wanapopotezwa zaidi. Kuteka mahali ni kupachukua kwa nguvu kutoka kwa adui. Kukalia mahali ni kuingiza askari na kupashikilia pote, kuwe na mapigano au kusiwe. Kusafisha ni kuwaondoa adui wote katika eneo lililoainishwa na kumaliza upinzani wowote uliopangwa, nyumba kwa nyumba ikibidi. Kupahakikishia usalama ni kuzuia adui asiweze kupaharibu au kupatumia, jambo ambalo wakati mwingine hufanyika bila askari kuingia pale penyewe, kwa kuvishikilia vilima na njia zinazoelekea huko. Sasa chukua daraja moja. Kamanda akiambiwa "liteke", atapeleka watu juu ya daraja. Akiambiwa "lihakikishie usalama", atatazama kwanza ni wapi mzinga wa adui unaweza kulifikia, na huko ndiko atakakopeleka watu. Kwa mwandishi wa habari yote ni "kudhibiti daraja", lakini hizo ni kazi mbili tofauti, tena pengine umbali wa kilomita kadhaa kati yake.

Hivyo mji "uliotekwa" jana na "unaosafishwa" leo haupingani na akili. Maana yake ni kwamba upinzani mkubwa umevunjwa na makao ya utawala yamechukuliwa, lakini bado kuna wapiganaji katika majengo, mahandaki na vitongoji. Kusafisha mji kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuuteka na kuua watu wengi zaidi. Neno la kutilia shaka ni "kudhibiti", kwa kuwa halisemi nani anaweza kupita barabarani usiku.

Vitenzi vya wapiga mizinga vina ngazi zake pia. Kuna kumkandamiza adui, yaani kumlazimisha ainamishe kichwa asiweze kufyatua wala kuona kwa muda ule ambao makombora yanaanguka. Moto ukikoma, anainuka. Kuna kumwondolea uwezo kwa muda. Na kuna kumwangamiza. Mafundisho ya mizinga ya Jeshi la Marekani yamezipa ngazi mbili hizi za mwisho vipimo: kikosi kilichopoteza takribani asilimia 10 ya watu au vifaa huhesabiwa kuwa kimeondolewa uwezo kwa muda, na kilichopoteza takribani asilimia 30 huhesabiwa kuwa kimeangamizwa, kwa sababu kwa kawaida hakiwezi tena kufanya kazi yake. Soma tena sentensi hiyo pole pole. Jeshi linapotangaza kwamba limeangamiza batalioni, huenda kwa hesabu yake askari saba kati ya kumi wa batalioni hiyo bado wanatembea kwa miguu yao. Msemaji hajadanganya. Msomaji ndiye aliyewaona wote wamekufa.

Kurudi nyuma nako hakumaanishi jambo moja. Jeshi likijinasua kutoka kwenye mapambano kwa mpango, likiwaacha walinzi wa nyuma kumchelewesha adui, hiyo ni operesheni miongoni mwa zilizo ngumu kuliko zote. Jeshi likiondoka mahali bila kuwa limegusana na adui, hilo ni jambo jingine. Na likivunjika kila mtu akashika njia yake, hilo ni kukimbia. Uondoaji wa majeshi ya Uingereza na washirika wake kutoka Gallipoli nchini Uturuki, Desemba 1915 hadi Januari 1916, ulifanyika usiku kwa usiku karibu bila kupoteza mtu, ingawa kampeni yenyewe ilikuwa imeshindwa. Ukisoma "wamerudi nyuma", tafuta kama mizinga na magari yao yamerudi pamoja nao. Wanaokimbia huviacha.

Swali lako la majeruhi limenigusa, kwa maana kosa hilo nimewahi kulifanya mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi ya kutafsiri nilipewa taarifa fupi ya mapigano, nikakutana na lile neno la Kiingereza, "casualties", ambalo majeshi ya Magharibi hutumia kwa jumla ya askari waliopotezwa, nikaandika "waliouawa". Mhariri mzee aliyekuwa ameketi mkabala nami aliirudisha karatasi, neno likiwa limezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, akaniuliza swali moja tu: "Wote?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile sijawahi kuliandika neno hilo bila kuuliza linajumuisha nani.

Jumla hiyo hukusanya watu wa aina nne: waliouawa, waliojeruhiwa, waliopotea bila kujulikana walipo, na waliotekwa. Kinachowaunganisha ni kwamba kamanda hawezi kuwatumia kesho asubuhi. Kwake hiyo ndiyo hesabu inayohitajika, kwa sababu lazima aombe watu wa kuziba nafasi. Kwa Kiswahili wengine huandika "waliouawa", na idadi ya vifo ikavimba. Wengine huandika "majeruhi", na wafu wakageuka kuwa watu wa kutibiwa. Mimi huandika "hasara ya askari", kisha hueleza mgawanyo wake, na pasipo na mgawanyo husema wazi kwamba idadi inawajumuisha wote.

Tazama mfano unaojulikana kuliko yote. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya mto Somme nchini Ufaransa, jeshi la Uingereza lilipata hasara ya askari 57,470. Idadi hiyo hutafsiriwa mara kwa mara kana kwamba wote walikufa. Waliokufa walikuwa 19,240. Waliojeruhiwa walikuwa 35,493, waliopotea 2,152, na waliotekwa 585. Watu 19,240 kwa siku moja ni msiba usiohitaji kuongezewa, na kuuzidisha mara tatu ni kuwakosea heshima hata wafu wenyewe. Mkanganyiko ulioukuta wewe, wa majeruhi waliokuja kufa, unatokana na hatua nyingine ya hesabu: majeshi mengi hutenganisha aliyekufa kabla ya kufika kwa mganga na aliyefikishwa akiwa hai kisha akafa kwa majeraha. Huyu wa pili huingia kwanza katika safu ya majeruhi, na baadaye huhamishiwa safu nyingine. Waliopotea nao hupungua kadiri miili inavyopatikana au majina yanavyoonekana katika orodha za wafungwa. Ndiyo sababu idadi ya siku ya kwanza haiwezi kuwa idadi ya mwisho, hata pale ambapo hakuna anayeficha kitu.

Kuhusu silaha nitapita haraka zaidi, ingawa Kiswahili chenyewe kina utajiri hapa. Wazee wetu walitaja walichokiona: mzinga wa kufyatulia ulichukua jina la mzinga wa nyuki, gogo lenye tundu, kifaru cha chuma kilichukua jina la mnyama mwenye ngozi nene anayekwenda bila kujali kilicho mbele yake, risasi ni jina la Kiarabu la madini yenyewe. Majina hayo yanaonyesha umbo, lakini hayaonyeshi namna silaha inavyofanya kazi, na kwa makombora ya leo namna ya kufanya kazi ndiyo tofauti yenyewe. Kombora la balestiki husukumwa na injini kwa dakika chache za mwanzo tu, kisha huendelea kwa kasi iliyolipata, likapanda na kuanguka katika upinde kama jiwe lililorushwa. Kombora la kruzi huruka kama ndege ndogo, injini ikifanya kazi safari nzima, mara nyingi chini chini likifuata umbo la nchi. La kwanza huonekana na rada mapema kwa sababu huenda juu, lakini kulizuia ni kazi ngumu kwa sababu ya kasi yake. La pili ni rahisi zaidi kuangushwa, ila huchelewa kuonekana. Roketi, katika matumizi ya zamani, haina uongozaji baada ya kufyatuliwa. Ikipewa uongozaji, mpaka kati yake na kombora huanza kufifia, na waandishi hutofautiana.

Masafa nayo ni istilahi. Kombora la balestiki la kuvuka mabara ni lile linalofika zaidi ya kilomita 5,500, na namba hiyo imeandikwa katika mikataba. Mwaka 1987 Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikubaliana kuondoa makombora yote ya kurushwa kutoka nchi kavu yenye masafa ya kilomita 500 hadi 5,500, na kufikia mwaka 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa, mpaka mkataba huo ulipokoma Agosti 2019. Kwa hiyo "masafa ya kati" halikuwa neno la kukadiria. Kilomita moja zaidi au pungufu iliamua kombora lipi livunjwe mbele ya wakaguzi na lipi libaki ghalani. Neno "kasi kuu" la siku hizi, yaani zaidi ya mara tano ya kasi ya sauti, linahitaji tahadhari, maana makombora ya balestiki ya kuvuka mabara yameipita kasi hiyo kwa miongo mingi. Jambo jipya katika silaha zinazotajwa sasa ni uwezo wa kugeuza mwelekeo zikiwa ndani ya kasi hiyo, hivi kwamba anayelinda hawezi kukokotoa zitaangukia wapi.

Kuna istilahi mbili za namba na herufi ambazo watu huzieleza visivyo. Siku ya D haina siri: D ni siku tu. Amri huandikwa kabla tarehe haijaamuliwa, ili kila mtu apange kazi yake kwa kuhesabu kutoka hapo: siku tatu kabla ya D madaraja yawe tayari, siku moja baada ya D mafuta yafike. Matumizi ya mapema yanayojulikana yamo katika amri ya Jeshi la Kwanza la Marekani ya tarehe 7 Septemba 1918, kabla ya shambulio la Saint-Mihiel. Faida yake ilionekana mwaka 1944: kutua kwa majeshi Normandy, pwani ya Ufaransa, kulipangwa tarehe 5 Juni, hali ya hewa ikaharibika, kukasogezwa hadi tarehe 6, na hakuna aliyehitaji kuandika upya maelfu ya kurasa. Nyingine ni ngazi za tahadhari za Marekani, ambazo huhesabiwa kinyume na watu wanavyodhani: tano ni hali ya kawaida, moja ni ya juu kabisa. Anayeandika kwamba hatari "imepanda hadi ngazi ya tano" ametangaza amani.

Sasa swali lako la mwisho, la vita kutoisha kisheria. Mchambuzi uliyemsikia yuko sahihi. Kusitisha mapigano ni makubaliano ya kuacha kufyatua, na yanaweza kuwa ya saa chache, ya mtaa mmoja, ya kuzika wafu au kupitisha chakula. Mkataba wa kusitisha vita ni mzito zaidi: husimamisha operesheni zote kwa maandishi, huweka mistari na masharti, lakini bado hausemi kwamba vita imeisha. Kanuni za Hague za mwaka 1907 zinaeleza jambo ambalo wengi hushangaa kulisikia: kama mkataba wa namna hiyo haukutaja muda, kila upande unaweza kuanza tena mapigano wakati wowote, mradi amwonye mwenzake kama walivyokubaliana. Vita humalizwa na mkataba wa amani. Mkataba wa tarehe 11 Novemba 1918, uliositisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ulikuwa wa siku 36 tu, ukaongezwa mara kadhaa, na amani na Ujerumani ilitiwa saini Versailles tarehe 28 Juni 1919. Korea ilisitisha vita tarehe 27 Julai 1953, na mkataba wa amani haujatiwa saini mpaka leo. Ukanda wenye upana wa kilomita nne kati ya Korea mbili, unaoitwa usio na majeshi, umezungukwa pande zote mbili na majeshi yaliyojizatiti sana, kwa sababu jina lake linahusu kilichomo ndani ya mistari, si kilichoko nje yake.

Kujisalimisha ni neno la nne, na uzito wake ulionekana huku kwetu. Katika majadiliano ya Novemba 1918, washirika, yaani Uingereza, Ufaransa na wenzao, walitaka kwanza majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa Afrika Mashariki yajisalimishe bila masharti ndani ya mwezi mmoja. Wajumbe wa Ujerumani walipinga, na kifungu cha 17 cha mkataba uliotiwa saini kikasema yaondoke, katika muda ambao washirika wangeuweka. Hata hivyo ujumbe wa Jenerali van Deventer, kamanda wa majeshi ya Uingereza huko, uliomfikia Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, siku chache baadaye, karibu na mto Chambeshi, ulisema kujisalimisha bila masharti. Anayeambiwa aondoke huondoka akiwa mtu huru chini ya bendera yake. Anayejisalimisha huweka silaha chini na kuwa mikononi mwa aliyemshinda. Tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, von Lettow-Vorbeck alijisalimisha pamoja na askari wa Kiafrika zaidi ya elfu moja, nao wakapelekwa Tabora wakawekwa kambini.